Bugali wa Jana kwa Mgeni

Kwa miaka kumi na tisa Grégoire alipika kila siku ila Jumapili, na kwa miaka hiyo yote mkewe hakuonja hata kijiko kimoja. Usistaajabu. Alikuwa mpishi kule Muhumba, katika nyumba ya Wakorea wa mradi wa maji, amevaa aproni nyeupe kama daktari. Akirudi kwake Kadutu alikaa kitini akangoja kuletewa, kama wanaume wenzake. Kwetu mwanaume akipikia watu kwa mshahara, hiyo ni kazi. Akionekana amechutama mbele ya mbabula, jiko la makaa, nyumbani kwake, majirani wamepata kicheko cha wiki nzima. Emérence, mkewe, mwalimu wa shule ya msingi asiyemung'unya maneno, alimwambia mara nyingi, akimwita kwa jina la mtoto wao: "Wageni banakula mikono yako, Papa Héritier. Mie bibi yako nakulaka harufu tu kwa shati."

Basi mradi ukaisha, Wakorea wakafunga mizigo, na Grégoire akakaa nyumbani miezi minne mikono ikimwasha. Alichoweza kufanya ni kukata kabichi, kuitia chumvi, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili, na kuishindilia katika ndoo yenye kifuniko, ichache taratibu kama alivyofundishwa na Madame Pak, bibi wa nyumba ile ya Muhumba. Emérence alilalamikia harufu siku mbili. Siku ya tatu alikutwa akidokoa.

Jumamosi moja kaka mkubwa wa Grégoire, Cyprien, akaja kwa boti kutoka Kalehe. Alikuwa na miadi na daktari wa macho Jumatatu, angelala kwao. Huyu Cyprien ndiye aliyemlea Grégoire tangu baba yao alipofariki, na Grégoire alimwogopa mpaka leo, mvi kichwani. Tena kulikuwa na jambo. Zamani, alipopata kazi, Grégoire alimwambia kaka yake, "Niko natumika kwa Wakorea," akaishia hapo. Cyprien akamalizia mwenyewe: mdogo wake yuko ofisini, anaandika ripoti. Akalitangaza kanisani, akalitangaza sokoni, na Grégoire hakuwahi kulikanusha. Kumbe ripoti alizozijua yeye zilikuwa za vitunguu.

Jioni ile Grégoire akamnong'oneza mkewe: "Kesho asubuhi nitapika mie."

"Na yaya Cyprien akiuliza nani amepika?"

Grégoire akaenda kuangalia ndoo yake ya kabichi.

Jumapili alfajiri akawasha makaa uani, nyuma ya nyumba. Emérence alipotoka akamkuta anakatakata bugali uliobaki jana, vipande vyembamba kama vidole, na nusura apige yowe.

"Bugali ya jana! Kwa mukubwa yako! Mugeni banamupikiaka bugali ya moto, hata mutoto anajua."

"Niache, mama. Ikiwa ya moto haikatike."

Kule Muhumba hakuna aliyewahi kumwambia apike hivi. Wakorea walikuwa na vijiti vyao vya unga wa mchele, vinavyovutika mdomoni, vya kupikwa katika mchuzi mwekundu. Lakini tangu mwaka wa kwanza Grégoire alikuwa akivitazama na kuwaza bugali wa muhogo uliopoa. Aliwaza hivyo miaka kumi na minane, akanyamaza. Neno moja tu ndilo alilowahi kuthubutu: samaki wadogo wakavu wa Madame Pak, wale walioletwa kutoka kwao, walipokwisha, alimpelekea sambaza, dagaa wakavu wa ziwa letu. Bibi yule alionja supu, akaweka kijiko chini, akamwinamia mpishi wake kichwa. Grégoire hakumsimulia mtu. Angemsimulia nani?

Sasa akawachemsha sambaza mpaka supu ikawa nzito, akatia pilipili aliyoisaga pamoja na soya ya Kavumu na kuiacha ichache, akaongeza asali kidogo ya Idjwi, kitunguu saumu bila huruma, kisha vidole vya bugali. Vikanywa mchuzi vikawa vyekundu na kung'aa. Pembeni akakaanga mboga za lengalenga haraka haraka, zisilegee. Juu ya kila sahani akaweka yai, kiini kikitikisika, na kando kabichi yake ya ndooni. Akarudi nyuma hatua moja, akaitazama ile kazi. Ilikuwa nzuri, na alijua kwamba ni nzuri.

Emérence akapeleka sahani mezani, kama desturi. Cyprien akaomba baraka, akaleta sahani karibu na macho yake mabovu, akaonja. Akatafuna. Jasho likamtoka puani. Akaonja tena, na tena, mpaka akawa anakwangua mchuzi kwa kijiko.

"Mama Héritier," akasema, "aksanti sana. Tangu nizaliwe sijakula asubuhi kitu ya namna hii. Mudogo wangu alipata bibi."

Emérence akamaliza kijiko chake cha mwisho. Alimtazama mumewe, mikono magotini.

Ilikuwa rahisi kunyamaza. Kunyamaza ndiko alikokuzoea. Lakini Grégoire alisikia sifa zile zikimpita mbele ya pua kwenda kwa mwingine, na wivu ukamshika, wivu wa kweli, wa mtu anayeona mbuzi wake akisifiwa kwa jina la jirani. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Akakohoa.

"Yaya, ni mie nimepika."

"Weye?"

"Mie. Na kwa Wakorea sikukuwaka kwa biro kuandika ripoti. Nilikuwa mupishi. Tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho." Akaielekezea kidole sahani ya kaka yake. "Na nilikuwa mupishi muzuri. Ile unakula ni bugali ya jana."

Cyprien akakitazama kijiko. Akaitazama sahani tupu. Nje majirani walikuwa wakielekea misa ya kwanza, viatu vikigonga mawe, na Grégoire akangoja kama alivyokuwa akingoja fimbo utotoni.

"Miaka kumi na tisa," Cyprien akasema polepole. "Nilikuwa nakuja hapa kila mwaka. Kila mwaka munanipa chai na mukate."

"Yaya, niliona haya..."

"Haya ya nini? Mikono inajua kufanya hivi, unalishia batu ya mbali, na mie niliyekulea unanipa mukate kavu! Hiyo ndiyo haya." Macho yake mabovu yalikuwa yamelowa, na pilipili pekee haikutosha kuyalowesha hivyo. "Na sasa kule kanisani nitabaambia nini?"

"Baambie niko mupishi."

"Hapana, batasema nimezeeka, naota. Utakuja Kalehe weye mwenyewe, upike mbele yao, banione na mudogo wangu."

Akaisukuma sahani katikati ya meza. Emérence, kwa mazoea ya miaka, alikuwa amekwisha nyanyuka kuichukua.

"Kaa, Mama Héritier," Cyprien akasema. "Mupishi iko."

Emérence akaketi, naye akaisukuma sahani yake. Grégoire akazibeba zote tatu, akatoka uani kifua mbele kwenda kuvunja mayai mengine.