Mtaa Ulio Chini ya Maelezo

Jumanne moja, saa kumi na mbili jioni, mchoro wa mji mpya wa Wexley, Oklahoma, uliegemezwa kwenye birika kubwa la kahawa ndani ya kituo cha zimamoto, kwa kuwa stendi yake ilikuwa imevunjika mguu. Watu kama arobaini walikaa kwenye viti vya chuma. Bwana Kessler, meneja wa mji, alieleza kwamba baraza linaomba kodi ya mauzo iongezwe senti moja katika kila dola, kwa miaka kumi, ili mji upate njia za waenda kwa miguu, miti, mabenchi na chemchemi. Wananchi wangepiga kura Novemba. Biskuti ziliisha kabla hajamaliza kueleza.

Verlene Stubblefield hakufuata biskuti. Alikuwa na miaka sitini na saba, na thelathini kati ya hiyo aliipitisha akipika kwenye jiko la shule ya msingi. Mumewe, Odell, alikatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Mara tatu kwa wiki Odell alikwenda kliniki kusafishwa damu, maili nzima juu ya kiti chake cha magurudumu kinachotumia betri, na kwa kuwa Mtaa wa Cottonwood haukuwa na njia ya waenda kwa miguu, alipita barabarani pamoja na malori ya ngano. Verlene alimfuata nyuma akipunga kitambaa chekundu. Mwezi wa sita kioo cha pembeni cha lori kilimvua Odell kofia, na dereva akaenda nayo mpaka jimbo la Kansas bila habari. Odell aliicheka safari ya kofia yake wiki nzima. Verlene hakucheka. Tangu siku hiyo alikuwa akisikia malori hata anapokaanga mayai.

Kwa hiyo aliusogelea mchoro, akavaa miwani, akaanza kuutafuta mtaa wake. Alipita Barabara Kuu, ambako mchoraji alikuwa amepaka watu weupe wasio na sura, mmoja ameshika puto, mwingine mbwa. Akavuka reli kwa kidole. Pale ambapo Cottonwood ilipaswa kuwa, akakuta kisanduku cheupe chenye mpaka mweusi, kilichoeleza alama za mchoro: kipande cha mstari wa kijani ni njia ya waenda kwa miguu, duara ni mti, mraba ni benchi, tone la buluu ni chemchemi.

"Bwana Kessler, mtaa wetu uko wapi hapa?"

"Cottonwood? Uko chini ya maelezo."

"Kwa hiyo umo kwenye mradi?"

"Uko chini ya maelezo, mama." Bwana Kessler alikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya. "Maelezo lazima yakae mahali. Mchoraji ameyaweka penye nafasi tupu."

"Hapo tunakaa watu mia mbili."

"Nafasi ya kwenye karatasi, nasema."

Verlene alirudi kitini asijue kama amejibiwa au la.

Kesho yake asubuhi watu wa mchoro walikuwa Barabara Kuu. Walisimama pale walipochorwa, weupe, na ukiwatazama ulikuwa unaona duka la dawa upande wa pili. Puto lilikuwapo na mbwa alikuwapo. Mwenye duka la dawa alilalamika kwamba wanaziba mlango na hawanunui kitu. Shemasi wa Kibaptisti aliwakaribisha ibada ya Jumapili, wakaja, wakakaa viti vya mbele, ambavyo kwa kawaida havina mtu.

Ng'ambo ya reli, kisanduku cha maelezo kilikuwa kimetanda juu ya Cottonwood. Kilikuwa bapa, cheupe, kimening'inia hewani kimo cha nguzo za umeme, kuanzia nyumba ya akina Arreola hadi kwenye tangi la maji. Mvua ilimwagikia pembezoni, na matango ya Verlene yakaanza kunyauka. Maandishi yalitazama juu, kwa hiyo watu wa chini waliyasoma kinyumenyume. Odell aliegemeza kiti chake uani akayasoma yote, mpaka yale madogo ya chini kabisa.

"Yanasema vipimo si halisi," akamwambia mkewe.

"Vipimo vya nini?"

"Hawakusema, mama. Labda vyetu."

Chema Arreola, jirani yao fundi paa, alipanda ngazi akakigonga kile kisanduku kwa nyundo. Aliposhuka alisema ni kigumu na kimetengenezwa vizuri. "Paa hili nisingeweza kuwauzia hata kwa mkopo," akasema. "Mnapewa bure, halafu mnanuna."

Verlene alikwenda ofisi ya mji kuuliza kisanduku kitaondolewa lini. Bwana Kessler alisema kitahamishwa baada ya kura, kodi ikipita. Akauliza, je, isipopita? Akaambiwa isipopita hakutakuwa na mradi, na mradi usipokuwapo maelezo hayatakuwa na cha kueleza, kwa hiyo huenda yakaondoka yenyewe. Au yakabaki. Verlene alitembea hadi nyumbani akijaribu kuyapanga maneno hayo, kila akiyapanga yanavurugika. Alijiona mjinga, na lilimuuma, kwa sababu hakuwa mjinga.

Siku ya kura Odell alimsubiri Verlene nje ya ukumbi wa kanisa. Watu wa mchoro walipanga foleni pia, wakarudishwa kwa kukosa vitambulisho, wala hawakubisha. Karatasi ya kura ilikuwa na swali moja: "Je, mji wa Wexley usizuiwe kutoza, pasipo kupunguza iliyokwisha kutozwa, kodi ya mauzo isiyozidi nyongeza iliyotajwa humu?" Verlene alilisoma mara tatu. Akamwita mama aliyekuwa akisimamia meza.

"Nikisema Ndiyo, nimesema nini?"

"Siruhusiwi kukuambia, dada," yule mama akanong'ona. "Na hata ningeruhusiwa, nisingeweza."

Verlene alifikiria kofia iliyoko Kansas. Akapiga moyo konde, akatia alama kwenye Ndiyo. Nje akamkuta Chema anabandika kifuani stika ya waliopiga kura.

"Umepigia ipi?"

"Zote mbili," Chema akasema. "Wachague wenyewe."

Kodi ilipita. Kuanzia Januari, Verlene alinunua mkate, mafuta ya kula na betri za kiti, na kila risiti ilikuwa na senti yake. Matajiri wa upande wa kaskazini walinunua majokofu na magari mji wa jirani, kama kawaida yao. Machi matingatinga yalifika Barabara Kuu. Njia zilipojengwa, watu wa mchoro walianza kutembea juu yake, huku na huko, kwa furaha tulivu. Kisanduku hakikuhamishwa. Bwana Kessler alisema mkandarasi bado anakitumia.

Asubuhi moja ya Mei, alama za kwenye kisanduku zilikuwa zimeshuka chini. Mbele ya kiwanja kitupu kilichopakana na nyumba ya Verlene palikuwa na njia ya waenda kwa miguu, ya zege safi, pana, yenye mteremko mwanana kila upande kwa ajili ya magurudumu. Urefu wake ulikuwa hatua kumi na mbili, kadiri ya kile kipande cha mstari kwenye maelezo. Kando yake ulisimama mti mmoja wa duara kamili. Palikuwa na benchi moja, na chemchemi moja ya ukubwa wa sufuria, iliyorusha maji vizuri tu.

Bwana Kessler alikuja na mkasi na utepe. Utepe ulikuwa mrefu kuliko njia, wakaukunja.

"Kila kilichomo kwenye mradi, Cottonwood inacho," akasema. "Hakuna mtaa mwingine unaoweza kusema hivyo."

Ilikuwa kweli. Watu walipiga makofi kidogo, kwa kuwa hawakujua la kufanya na mikono yao.

Jumatatu Odell alivaa kofia mpya. Kliniki ilikuwa upande wa kushoto na njia ilikuwa upande wa kulia, lakini alikata kulia kwanza. Alipanda mteremko, akaenda hatua kumi na mbili bila kiti kutikisika hata kidogo, akageuza, akarudi.

"Iko vipi, mzee?" Verlene akamuuliza.

"Laini kabisa," Odell akasema. "Ungeweza kushika kikombe cha kahawa kisimwagike."

Kisha akashuka mwisho wa zege, akaingia barabarani. Verlene akatoa kitambaa mfukoni, akamfuata. Nyuma yao lori la ngano lilipiga honi.