Likinguruma Gari, Likinyamaza Nyumba

Sharif, mume wa Jalila, alipolikokota nyumbani gari bovu lililokuwa likisambaza mikate, watu wa Mtongwe walimpongeza kwa mdomo na kumsikitikia kwa moyo. Fundi hodari kama yeye, gereji yake Changamwe imejaa magari ya watu yanayomngoja, lakini wapi! Kajifungia na hilo lake. Leo anatia dirisha, kesho kabati, keshokutwa karo ya kuoshea vyombo isiyojua maji yatatoka wapi. Alipomaliza, akamtafuta mchoraji kule Kisauni, akaandikiwa ubavuni kwa herufi nyekundu: NYUMBA NI HII. Tangu hapo, aliyethubutu kuanza "Sharif, hili gari lako..." alikatizwa papo hapo.

"Gari ni lako wewe. Hii ni nyumba."

Bi Mwanasaumu, mamake Jalila, alilitazama siku moja tu, akanusa, akamwambia bintiye, "Mashaallah. Bado linanuka hamira. Mtu akilala humo ataamka ameumuka."

Akarudi kwenye kazi yake. Lakini aliposikia linakwenda wapi, mkono uliokuwa ukikuna nazi ulisita juu ya mbuzi.

"Nairobi, mama," alisema Jalila. "Kwenye makumbusho makubwa. Wewe, mimi, Sharif na mjukuu wako Samiha. Voi tunapiga kambi, tunapika nje, tunaota moto. Kesho yake Nairobi, tunalala humo humo. Kukicha tunaingia makumbusho, tunatazama mpaka watufukuze."

Bi Mwanasaumu alisoma hadi darasa la nne. Si kwamba la tano lilimshinda. La tano ndilo lililokuwa likipelekwa Nairobi kwa treni kuona mifupa ya ndovu makumbusho, na mwalimu alikwisha kuwachorea ubaoni ndovu huyo, naye hakuenea, mkonga ukaishia ukutani. Kabla ya zamu yake kufika, nyumbani kulizaliwa mtoto wa kubembelezwa, na ikaonekana asiye na kazi ni yeye. Kakake Mwidani alikwenda. Alirudi na hadithi, na hadithi hiyo ameisimulia arusini, matangani na kwenye foleni ya feri. Kila mwaka ndovu yule anazidi kunenepa. Alhamdulillahi, kwa mfu amejaliwa afya.

"Nitakwenda," alisema Bi Mwanasaumu, akaendelea kukuna nazi, safari hii upesi upesi.

Ijumaa baada ya alasiri, Sharif akaja kueleza mipango. Aliketi barazani, nje ya mlango, pale anapoketi siku zote. Tangu amuoe Jalila hajapita pazia la mlango ule. Mkwe na mama mkwe wa kwao huheshimiana hivyo: salamu hutolewa macho yakiwa chini, chakula hutolewa nje kwa sinia. Sharif hajawahi kumwona Bi Mwanasaumu akipiga mwayo, seuze kumsikia akikoroma. Basi yeye akaeleza akiwa nje, na mama mkwe akasikiliza akiwa ndani, pazia katikati. Mwidani naye akaja na fimbo yake, bila kuitwa. Kwenye shauri la Nairobi, angekosaje?

Sharif akachora gari sakafuni kwa chaki. "Hapa jiko. Hapa, karibu yake, choo."

"Jiko na choo vimepakana?" sauti ilitoka nyuma ya pazia. "Umefanya vyema, mwanangu. Hata nzi hatachoka na safari."

Jalila akaziba mdomo kwa leso. Sharif akajikaza, akaendelea. "Huku nyuma ni vitanda. Hiki cha chini ni cha mama, nimemtilia godoro zuri. Samiha atalala naye. Na hapa juu yake ndio tuta..."

Chaki ikakatika.

Jalila alitazama ukuta. Sharif alitazama mchoro wake kana kwamba umechorwa na adui.

"Astaghfirullah!" Mwidani akagonga fimbo. "Mkwe alale juu ya kichwa cha mkwewe! Hapo katikati pana nini? Ubao?"

"Ubao na pazia, mjomba. Lakini lile, kwa kweli... ni gari tu."

"Gari?" Mwidani akainuka, akalielekezea fimbo lilipoegeshwa uani. "Hebu nisomee pale ubavuni. Miwani nimeiacha."

Sharif hakusoma. Mtongwe nzima ilikwisha kumsomea.

"Basi dada atabaki," Mwidani akakata shauri, kwa sauti ya huruma nzito kama uji wa wimbi. "Ana haraka gani? Mifupa haiendi popote. Mahali pake nitakwenda mimi. Njia naijua, na mimi na Sharif hatuna haya ya kulala pamoja. Nitampigia picha."

"Kwa simu ipi, mjomba?" Jalila akauliza. "Ile ya tochi?"

"Mama," Sharif akasema kwa sauti ndogo, macho kwenye vidole vya miguu, "ikiwa nimekukosea heshima, basi safari tuiache."

Nyuma ya pazia, Bi Mwanasaumu alihisi kitu kikimshuka kifuani. Alikijua. Ni kile kile kilichomshuka siku alipoambiwa aweke kibao cha shule chini abebe mtoto. Siku ile alisema "abee" akabeba. Safari hii alijitanda leso, akafungua pazia, akasimama kizingitini.

"Kaka yangu ana imani," alianza polepole. "Mara ya kwanza alikwenda yeye, nikabaki mimi. Na leo, kwa uzee wake, yuko tayari kuchoka tena kwa ajili yangu. Lau ningekuwa na ndugu wawili kama yeye, hata kuishi wangeniishia."

Mwidani akachezea fimbo.

"Nina swali, na mimi ni mtu wa darasa la nne, mnistahimili. Tulipokwenda mazishini Msambweni, mimi na mkwe wangu tulipanda matatu moja, sivyo? Magoti yake yakanisukuma mgongo mpaka Ukunda. Mbona hukugonga fimbo?"

"Matatu ni gari, dada. Gari halina ukwe. Linakwenda."

"Ahaa. Linakwenda." Bi Mwanasaumu akatikisa kichwa kama mwanafunzi aliyeelewa. "Basi na hili likinguruma ni gari, na Sharif humo ni dereva tu. Likinyamaza ndio linakuwa nyumba. Na nyumba yenye mimi ndani, Sharif anajua mahali pake pa kuketi."

"Nje," Sharif alijibu kabla hajajua amejibu.

"Si mlisema mnakwenda kupiga kambi? Basi katika sote wanne, wa kupiga kambi amepatikana."

Jalila alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, Voi kuna simba!"

"Akimsikia, apige hodi. Nitamuitikia. Kufungua ni shauri jingine."

Sharif alikitazama mchoroni kile kitanda cha juu alichokipiga randa kwa mikono yake. Kisha akakifuta kwa kiganja, akaokota kipande cha chaki kilichobaki, akachora kijumba kidogo cha pembe tatu nje ya gari. "Hema," alisema. "Langu."

"Na mimi je?" Mwidani aliuliza.

"Wewe ushaona, kaka. Tulia. Nitarudi nikusimulie, tuone kama ni ndovu yule yule."

Mwidani akakohoa. "Huenda wamempunguza," alisema. "Siku hizi kila kitu kinapunguzwa."

Siku ya safari walitoka alfajiri, wakasoma dua, majirani wakatoka kuaga na kuona kama litawaka. Sharif akatia ufunguo. Gari likakohoa mara moja, likanyamaza.

Alikuwa fundi, lakini kwanza alikuwa mkwe. Akafungua mlango akaruka nje, akasimama mchangani, macho chini, ufunguo mkononi.

"Hodi, mama," alisema kinyonge. "Inabidi lisukumwe."

Jalila akapewa ufunguo, akashika usukani. Sharif akaegemeza bega nyuma. Mwidani, aliyekuja kuaga tu, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaona majirani wote wanamtazama yeye. Akaiweka fimbo chini, akakunja kanzu, akasukuma. Alisukuma akihema, kijasho kikimtoka, mpaka kwenye mteremko wa msikiti, pale dadake alipotoa kichwa dirishani kumwangalia, ametulia, harufu ya hamira ikimzunguka.

"Kaza, kaka! Nairobi ni mbele!"

Gari likanguruma.

"Haya, limekuwa gari!" Bi Mwanasaumu akapiga kelele. "Mkwe wangu, ingia upesi, kabla halijawa nyumba!"