Nyumba ya Chai Chini ya Ziwa

Wasee, hii mtakataa. Hata mimi ningeambiwa ningekataa, ningesema mtu amechoka na maisha yake. Lakini ilifanyika hapa Naivasha mchana kweupe, na kuna watu wako na video. Kwa hivyo tulieni kwanza, msikie.

Jumapili asubuhi Joyline alikuwa amesimama pale bichi anavalisha wageni jaketi za kuelea. Zingine zipu ziliharibika kitambo, hizo alizifunga na kamba ya viatu. Nyuma yake akina mama walikuwa wanakaanga tilapia, na kando ya njia kibao cha bosi wake, Muiruri, kilikuwa kimesimama kwa matope kimeandikwa na rangi nyekundu: KIBOKO. NDEGE. NYUMBA YA CHAI.

Walianza na kiboko. Travis, kijana wa kuendesha boti, alizima injini mbali kidogo, wageni wakapiga picha masikio na mgongo. Wakaenda kwa ndege. Travis akapiga mluzi, akarusha samaki, tai akashuka akaichukua, watu wakapiga makofi. Halafu boti ikageuka ikaelekea Kihoto.

Kihoto ilikuwa estate kabla ziwa ipande. Saa hii unaona vichwa vya nguzo za stima, unaona paa za mabati, na msalaba wa kanisa umetokeza juu ya maji kama mtoto ameinua mkono darasani na mwalimu hamwoni. Maji ya huko ni ya matope. Lakini juu ya nyumba moja hapo katikati ni safi kabisa, kwa sababu mwenye nyumba huyapangusa maji hayo na kitambaa kila asubuhi. Unainama unaona kila kitu: makochi na vitambaa vyake, kalenda ya mwaka uliopita, jiko la gesi linawaka. Na mama mmoja amejifunga leso, anatembea haraka haraka kati ya jikoni na dirisha.

"Hapa sasa," Joyline aliwaambia na ile sauti yake ya kazi, "ndio Nyumba ya Chai. Kaeni tu, mtaletewa."

Chai ikaletwa. Trei ilitoka dirishani ikapanda polepole, vikombe vimefunikwa na visahani, ikafika juu bila kumwagika hata tone. Ilikuwa moto. Maziwa mengi, tangawizi, sukari imeshawekwa. Wageni wakapiga picha moshi ikitoka. Wengine wakaonja, wengine wakaacha, trei ikashuka.

Kitu moja Joyline hakuwa anaambia wageni. Huyo mama alikuwa mamake.

Jina lake Achola, lakini Kihoto nzima ilimwita Mama Joyline. Miaka yote alifanya kazi kwa shamba la maua, akajijengea hiyo nyumba bati kwa bati. Maji ilipoanza kuingia, majirani walibeba magodoro wakaenda. Yeye alikuwa anafunga vitu vyake wakati watu wa ofisi ya kaunti walikuja na boti, wakasimama mbali wasilowe viatu. Mkubwa wao, mwanaume wa kofia pana ya ngozi, akamwitia kutoka huko.

"Mama, usitoke! Ukitoka tutajuaje hii ploti ilikuwa ya nani? Tunarudi tukuonyeshe mahali utahamia."

"Mkirudi mtakunywa chai?"

"Tutakunywa, mama."

Basi akaweka maji kwa jiko. Ziwa ikafika magoti, ikafika dirisha, ikapita paa, na sufuria bado iko kwa moto. Joyline, ambaye alikuwa amepanga chumba mtaa wa Karagita, alimpigia simu. Huko chini network ilikuwa poa kuliko Karagita.

"Mathe, toka hapo!"

"Nitoke aje, na nimeambia watu chai?"

Watu wa ofisi hawakurudi. Boti ya kwanza kufika ilikuwa ya Muiruri, ilikuwa imepotea njia ikitafuta kiboko. Mama Joyline akaona watu mlangoni, akawapa chai. Kesho yake Muiruri akapaka kibao rangi. Wiki hiyo akaandika Joyline kazi, kwa sababu anajua nyumba za huko. "Lakini usiwaambie ni mamako," alimwambia. "Watu wametoka Nairobi kujienjoy. Hawakuji matanga."

Shida ilianzia hapo. Mtu hawezi acha wageni mlangoni atoke. Na mwenye nyumba hali kabla wageni waende. Boti zilikuwa zinakuja kutoka asubuhi mpaka jioni, na jioni mama alikuwa anaosha vikombe na kuvipangusa, lakini kikombe ukipangusia chini ya ziwa hakikauki. Anapangusa, anaangalia, bado. Anapangusa tena. Kunakucha boti ya kwanza imefika. Alikuwa amekonda mpaka leso ilimzunguka mara mbili. Kila safari Joyline alimwona amepungua kidogo, na kila safari Joyline ndiye alikuwa amemletea wageni.

Hiyo Jumapili kwa boti kulikuwa na nyanya mmoja wa Nakuru mjini, wa duka la vitambaa, anaitwa Manju. Alikuwa amekuja na mjukuu wake, Unnati. Manju alishika kikombe na mikono miwili akanywa yote. Unnati alikuwa anarekodi.

"Unnati, weka hiyo simu. Kunywa."

"Ba," akamwita nyanyake, "imetoka kwa ziwa."

"Imetoka kwa jikoni. Mtu amekuchemshia, wewe unaangalia tu?"

Unnati akanywa. Akasema kumbe iko sawa. Manju aliinama akachungulia chini muda mrefu, akamwona mama amerudi mbio kwa jiko.

"Huyu mama anafanya kazi yote peke yake?" akamuuliza Joyline. "Hana msichana?"

Travis akaanza kuangalia injini, na injini haikuwa na kitu.

"Ako naye," Joyline akasema.

"Sasa huyo msichana ako wapi?"

Kiboko akapiga chafya huko kwa mafunjo, wageni wakageuza simu upande huo.

Jioni Joyline alimfuata Muiruri kwa stuli ya mama wa samaki, akamkuta anatoa miiba mdomoni.

"Boss, naomba siku moja tu bila boti. Moja. Akule, atoke."

Muiruri hakuwa mtu mbaya. Mvua ikinyesha alikuwa anampatia Joyline mwavuli yake. "Joy," akasema, "nikifunga mimi, si Ogola atapeleka yake?" Ogola, ambaye alikuwa amefunga boti yake hapo kando, aliinua mkono akawasalimia. "Unaona? Na kesho tuko na wageni wakubwa. Wametoka semina kwa hoteli. Vaa vizuri."

"Semina ya nini?"

"Ya mafuriko."

Kesho yake wageni wakubwa wakaja na magari meupe. Joyline alikuwa anafunga jaketi ya wa kwanza alipoona kofia pana ya ngozi, ile mamake alimwambia kwa simu. Mikono ikasimama. Mwanaume mwenyewe hakumjua. Alikuwa anauliza kama kiboko huuma.

Waliona kiboko, wakaona tai. Wakafika Kihoto.

Chini, Mama Joyline alikuwa anapangusa kikombe. Akainua macho akaona kofia. Akaweka kikombe. Akaenda kwa kabati akatoa vikombe vya maua, vya Krismasi, ambavyo Joyline tangu utotoni hakuwahi kuruhusiwa kushika. Akabadilisha leso. Akakata mkate, akapaka siagi mpaka kwa pembe. Trei ilipopanda ilikuwa imefunikwa na kitambaa alichoshona mwenyewe.

"Ngoja, ngoja, niko live!" mkubwa akasema, simu juu. "Watu wangu, mnaona? Chai kutoka kwa ziwa! Hii ndio utalii. Hii kaunti iko na talanta."

"Ni ya kunywa, mheshimiwa," Joyline akamwambia.

"Aah, madam, tumekunywa huko hoteli. Tumeshiba."

Akasubiri simu impate vizuri, akainamisha kikombe, akamwaga chai kwa ziwa. Wenzake kuona mkubwa amemwaga, nao wakamwaga. Mkate wakarushia ndege.

Chai ilishuka moja kwa moja, rangi yake ya hudhurungi ndani ya yale maji safi, ikapita kwa mashimo ya misumari ya mabati. Mama Joyline aliiona ikija. Akachukua sufuria akaiweka chini yake, vile mtu hufanya nyumba ikivuja. Halafu akaangalia juu, anangoja kuambiwa kama sukari ilitosha.

Wasee, hapo ndio Joyline alishtuka. Hakushtuka mamake kuishi chini ya ziwa, hiyo alishazoea kitambo. Alishtushwa na hiyo sufuria. Wale watu bado walikuwa wanacheka. Akafungua kamba ya jaketi. Akaikunja, akaiweka kwa kiti chake, akaingia kwa maji.

Alipita kwa mlango. Dirisha ni ya wageni.

"Umekuja mikono mitupu?" mamake akamwambia.

"Pole, Mathe."

"Hao ndio watu wa ofisi. Nimejua kofia. Wamesema aje? Sukari ilitosha?"

Joyline aliangalia sufuria. Ilikuwa imejaa karibu kupita.

"Ilikuwa tamu. Wamesema uende nao, wakuonyeshe ploti."

"Na vikombe?"

"Niachie."

Mama Joyline alishika kitambaa cha kupangusia vikombe kwa muda kidogo, halafu akampa. Akaangalia jiko, akaangalia makochi. Akaangalia binti yake kutoka nywele mpaka miguu.

"Usiniaibishe. Mgeni akifika, chai."

"Sawa, Mathe."

Travis ndiye alimvuta Mama Joyline juu. Alitoka mkavu. Akamvalisha jaketi ya Joyline, na hesabu ya abiria ikabaki ile ile, kwa hivyo Muiruri hakuwa na la kuuliza. Mama akakalishwa karibu na mkubwa.

"Ploti iko upande gani?" akamuuliza.

"Tunashughulikia, mama."

"Lini?"

"Tutarudi. Hiyo usijali."

Bichi walipiga picha na yeye, mkubwa amemshika bega. Wakaingia kwa magari meupe wakaenda. Mama wa samaki akamwekea tilapia na ugali. Akala yote, akaongezewa, akala tena, na hakuna mtu alimsumbua. Alipomaliza alinawa mikono, akavuta stuli, akakaa karibu na kibao anaangalia barabara. Alikuwa ameambiwa watarudi.

Travis sasa ndiye anaongea na wageni. "Hapa ndio Nyumba ya Chai," anawaambia, "kaeni tu, mtaletewa," na ukimwangalia utaona hatazami chini. Muiruri ameongeza mstari kwa kibao: MHUDUMU MPYA. Ogola naye amenunua boti ya pili. Maji juu ya hiyo nyumba bado ni safi.

Jioni mama anampigia Joyline simu.

"Joy, umekula?"

"Bado, Mathe. Naosha vikombe."

"Vimekauka?"

"Vinakaribia."

"Hao watu wa ofisi hawajafika. Lakini nimekaa hapa hapa kwa njia, hawawezi kunipita."

"Sawa, Mathe."

"Tangawizi usiweke mingi."

Na kesho kukikucha boti ya kwanza imefika.

Sasa wewe unayesoma hii, tuseme ni wewe uko kwa boti, umefungwa jaketi na kamba ya viatu. Trei imepanda, kikombe kimekufikia, moto. Unajua ni nani amechemsha. Ukinywa, ataosha hicho kikombe mpaka kukuche. Ukimwaga, unajua itamwagikia nani. Ungefanya nini?