Machozi ya Delfin Kwenye Semina ya Amani

Delfin Pagaduan aliipenda amani, na kama kuna mtu katika mji wa Kebeken aliyekuwa hajui hilo, basi alikuwa kiziwi. Hakuna semina ya mazungumzo ya dini iliyofunguliwa kabla yeye hajaketi mstari wa mbele, shati limenyooshwa pasi, kitambulisho cha kamati ya parokia kinaning'inia shingoni. Akipewa nafasi aliwaita Waislamu "ndugu zangu wa damu," na Wateduray "kaka zetu wakubwa, wenye milima hii," na mkono akauweka kifuani. Watu wa mjini walimpenda sana. Wateduray nao walimpigia makofi, maana semina ilikuwa na chakula cha mchana.

Sasa huyu mpenda amani alikuwa na uzio. Uzio wa miti na seng'enge, uliotenganisha shamba lake la mahindi na shamba la jirani yake Mteduray, mjane aliyeitwa Ideng-Rusila, yaani mama yake Rusila. Kwao mtu akishazaa, jina lake la utotoni limekwisha kazi. Zamani chemchemi ilikuwa upande wa mjane. Siku hizi ilikuwa upande wa Delfin. Na chemchemi haikuhama, jamani, maji yale hayakuota miguu. Uzio ndio uliotembea. Mjane akawa anateka maji mtoni kule bondeni, anapandisha mlima na dumu begani, na Delfin anamsalimu kutoka kivulini, "Pole sana, jirani! Mungu akuzidishie nguvu!"

Tena si kwamba alikuwa katili, na hapo ndipo anaponiudhi mimi. Pole zile zilitoka moyoni. Alikuwa tu na mpango wake wa vidimbwi vya samaki, na mkewe Pacing ameshachagua mahali pa kujenga vibanda vya wageni, na bila chemchemi ile hakuna samaki, hakuna wageni, hakuna kitu. Padri alipowahi kugusia mambo ya mipaka, Delfin alisema kwa upole kwamba hayo ni mambo ya kihistoria, na historia ni nzito, tuwaachie wataalamu.

Mwaka ule semina ilifanyika ukumbi wa parokia. Asubuhi nzima ilipotea kwenye sala ya kufungua, yaani nani aanze. Haji Salik, mwenye duka la mbolea na msemaji wa msikiti wa bondeni, alisema aanze mwenyeji. Padri akasema hapana, mgeni kwanza. Wakabembelezana hivyo mpaka sauti zikaanza kupanda, ndipo Mteduray mmoja, Mo-Santos, akasema kwamba wote wawili ni wageni na mwenyeji ni yeye. Akasimama, akaziita roho za vijito vyote vya wilaya, kijito kimoja baada ya kingine, hadi wali ukapoa.

"Huyu anatukomoa," Haji Salik alimnong'oneza Delfin.

"Kabisa, ndugu yangu wa damu," alijibu Delfin.

Mo-Santos, baba yake Santos, alikuwa kefeduwan, mwamuzi wa kesi za kimila za Wateduray. Usimfikirie babu mwenye ndevu nyeupe. Alikuwa mtu wa makamo, dereva wa pikipiki ya abiria, mdomo mwekundu kwa tambuu, na kwenye semina alilala kuanzia mada ya kwanza hadi uji wa saa kumi. Hakuwahi kuamka kwa ajili ya mada.

Mchana mwezeshaji, binti kutoka mji wa Davao aitwaye Marivic, alikunja kadi zake za rangi akatangaza igizo. Wataigiza mgogoro wa ardhi, kisha waumalize kwa mila ya Kiteduray, ili kila dini ijifunze.

"Kaka Mo-Santos, wewe utakuwa mwamuzi."

"Mimi ni mwamuzi."

"Ndiyo! Kwa hiyo haitakupa shida."

Mo-Santos alifumbua jicho la pili. "Nifanye kama wale wa kwenye redio, au kama ninavyofanya nyumbani?"

"Kama nyumbani kabisa. Usibadilishe hata kidogo."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, kaka."

Mo-Santos akaenda dirishani, akatema tambuu, akafunga kitambaa kichwani, akaketi mkekani. Hapo Wateduray wote waliokuwa wakisinzia wakaamka. Wakavuta mikeka, wakasogea, kina mama wakawanyonyesha watoto ili wanyamaze. Marivic aliona, akafurahi, akaandika kwamba washiriki wameonyesha mwamko mkubwa.

"Nani atacheza mkosaji?"

Mkono wa Delfin ulikuwa juu kabla swali halijaisha. Kila Ijumaa Kuu yeye ndiye aliyekuwa Yuda kwenye mchezo wa Mateso, na alijua kwamba macho ya watu humfuata mkosaji. Kwa upande wa mlalamikaji, Marivic alimshika bega mwanamke aliyekuwa karibu naye. Alikuwa Ideng-Rusila.

"Mama, wewe utajifanya mtu aliyenyang'anywa ardhi. Utaweza?"

"Nitajaribu," alisema Ideng-Rusila.

Haji Salik alipaliwa na kahawa. Yeye alipewa kazi ya kumsimamia mkosaji, maana kwenye mila ile mtu hasimami peke yake.

"Ndugu yangu huyu anasemwa kwamba alisogeza uzio," Haji alianza, akifuta ndevu. "Haya, ndugu yangu. Ulisogeza au hukusogeza?"

Delfin alikuwa amepanga kukana kwanza, kunogesha. Lakini ukumbi ulinyamaza kimya, watu zaidi ya mia wamemkodolea macho, na ukimya ule ukamlevya.

"Nilisogeza!" akanguruma.

Watu wakaguna. Lo, hiyo miguno! Delfin akaona amewapata, na akajua kuwa igizo bila mambo madogo madogo halinogi.

"Mara ya kwanza mumewe alikuwa mgonjwa. Nikasema, atatoka saa ngapi kuja kukagua miti? Mara ya pili walikuwa kwenye matanga yake. Nilipeleka mchele, nikala nao, nikatoka nikaenda kuchimba mashimo." Sauti ikaanza kumtetemeka, akaiacha itetemeke. "Mara ya tatu sikuwa hata na sababu. Nilikuwa nimeshazoea."

Akalia. Machozi yalimshangaza hata yeye, lakini yalikuja mahali pake, basi akayaacha yateremke. Padri alitoa leso.

"Unatoa nini kuituliza nyongo yake?" aliuliza Mo-Santos. Kwa Wateduray uchungu wa mtu haukai moyoni, unakaa nyongoni, na nyongo iliyochafuliwa lazima ilipwe.

"Narudisha chemchemi! Narudisha ardhi yote mpaka uzio wa zamani! Na hii!" Akavua saa yake ya mkononi akaiweka mkekani.

Ideng-Rusila aliitazama. Akaichukua, akaivaa.

"Nyongo yangu imetulia," alisema.

"Nimeshuhudia," alisema Haji Salik.

"Imekwisha," alisema Mo-Santos, na kina mama wakapiga upatu. Makofi, vigelegele, picha. Marivic alimkumbatia Delfin. Delfin, kichwa kimemvimba, alitegemea kurudishiwa saa yake wakati wa uji. Lakini Ideng-Rusila alikuwa ameondoka kabla ya uji, na tangu semina zianze hakuna Mteduray aliyewahi kuondoka kabla ya uji.

Asubuhi Delfin alikuwa mezani, samaki mkavu na wali wa kukaanga mbele yake, Pacing alipoingia na ufagio mkononi.

"Delfin, kuna watu kwenye chemchemi."

"Watu gani?"

"Wote."

Akatoka na ndala. Wateduray walikuwa waking'oa miti. Wapwa wa Haji Salik walikuwa wakikunja seng'enge na kuipakia kwenye gari la mbolea. Kwaya ya parokia, kwaya yake mwenyewe, ilikuwa ikiimba.

"Ebo! Mnafanya nini nyie?"

"Tunamalizia," alisema Mo-Santos, amekaa juu ya pikipiki yake, anatafuna.

"Kumalizia nini? Lile lilikuwa igizo!"

"Igizo?"

"Jamani! Kila Ijumaa Kuu mimi nakuwa Yuda. Je, nimemuuza Yesu kweli?"

"Hilo sisi hatuingilii," alisema Haji Salik. "Ni mambo ya dini yenu."

Watu wakacheka. Delfin akamgeukia Mo-Santos. "Wewe unajua nilikuwa nacheza. Unajua vizuri sana."

"Mimi kazi hii nimeirithi kwa baba yangu," alisema Mo-Santos, bila hasira hata chembe. "Mbele ya kefeduwan mtu hasemi kwa mchezo. Nilimwuliza yule binti mara mbili, ulisikia. Umesema, umelia, umetoa, amepokea. Ukilirudisha neno leo, basi ni kesi mpya, kaka, na nyongo utakayokuwa umeichafua ni ya kila mtu aliyekaa pale. Watu ni wengi. Saa huna tena, sijui utalipa nini."

Wakati huo Marivic alikuwa anakuja anakimbia, viatu vimejaa tope, simu juu. Picha alikuwa ameshaituma kwa wafadhili. Wamejibu. Wanataka kuja kupaona mahali penyewe.

"Miaka yote hii, Kaka Delfin," alisema, na machozi yake yalikuwa ya kweli. "Miaka yote hii tumekuwa na semina tu."

Padri akampiga Delfin mgongoni taratibu, akasema anamwonea fahari. Delfin aliangalia chemchemi. Aliviona vidimbwi vyake, alivyovichimba kichwani mwaka baada ya mwaka, samaki wakirukaruka. Alitaka kupiga kelele kwamba ameibiwa, na akaona hakuna hata mtu mmoja pale wa kupigiwa kelele hizo.

Pacing alikuwa amefika na ufagio wake. "Mbona umenyamaza? Waambie ulikuwa unaigiza!"

"Nimewaambia."

"Waambie tena!" Kisha akamtazama mumewe vizuri, na sauti ikashuka. "Ila Delfin, umekuwa Yuda tangu tuoane. Mbona sijawahi kukuona ukilia?"

Delfin akajifanya anapangusa tope kwenye ndala.

Ideng-Rusila akasogea. Saa ilikuwa mkononi mwake, imepanda karibu na kiwiko kwa upana. Hakuonekana kushangilia. Alikuwa na uso wa mtu aliyekosa usingizi.

"Jirani," alisema, "mimi na wewe hatuna neno tena. Kuna kitu kimoja tu. Mimi nilijua mara mbili. Ile ya ugonjwa na ile ya matanga. Jana ukasema ya tatu. Ya tatu iko wapi?"

Kwaya ikanyamaza. Wapwa wa Haji wakaacha kukunja waya.

Na mlango ulikuwa wazi kabisa mbele ya Delfin. Nilitia chumvi, angesema, nilinogesha, si unajua mambo ya jukwaani. Nani angembishia? Aliyeijua mipaka ya kule juu alikuwa marehemu mume wa mjane. Maneno yalikuwa ulimini, akaufungua mdomo.

"Kule juu," alisema. "Kwenye mfenesi."

"Ule mfenesi mkubwa?"

"Ndiyo."

"Ni wangu?"

"Ni wako."

Ideng-Rusila akatazama mlimani, kwenye mti ule.

"Kila Krismasi ulikuwa unaniletea fenesi moja," alisema. "Na mimi nikawa nakushukuru."

Hakuna aliyecheka. Hata Mo-Santos aliacha kutafuna. Delfin alisimama na ndala zake kwenye tope, masikio yamemwiva. Kisha akanyoosha mkono kwa mpwa wa Haji, akauchukua mtaimbo, akatangulia kupanda kuelekea kwenye mfenesi.