Kucha za Don Crescencio

Mikono ya Don Crescencio ilikuwa haijui kazi. Tangu aoe hadi alipofiwa, hakuwahi kumenya muhogo, kusugua sufuria wala kupasua kuni, na wala haikuwa uvivu, ingawa majirani walikuwa na neno lao. Alikuwa mpiga kinubi, na kwao Caraguatay kinubi hupigwa kwa kucha. Kucha ndefu na ngumu huufanya uzi ulie kama kengele. Zikivunjika, mpigaji kwisha habari yake. Kwa hiyo kazi zote zilikuwa za mkewe, Ña Basilisa. Hata ndoo ya kisimani aliibeba yeye, mwanamke mfupi asiyefika bega la mumewe, na mume akimfuata mikono mitupu, akipiga mluzi. Watu walipocheka, Basilisa ndiye aliyewajibu.

"Mwacheni mume wangu. Hizo kucha ndizo jembe letu."

Kisha Basilisa akafa, na wahenga hawakukosea: mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Kucha za mkono wa kuume zilikwisha upesi. Mmoja uliondoka na kopo la sardini, mwingine na kamba ya kisima, zilizobaki akazimalizia kwenye kuni. Mwanzoni hakujali, kwani nyumba yenye msiba haipigi muziki mwaka mzima. Hata redio ilifunikwa kitambaa. Kilichomtesa ni upweke. Tereré ni chai baridi ya majani, ya kupokezana, kikombe kimoja na mrija mmoja, na kila asubuhi Don Crescencio alikunywa zamu yake, akajaza maji baridi, akanyoosha mkono kando kumpa mwenzake. Hakukuwa na wa kupokea. Akainywa na hiyo.

Lakini alikuwa na ahadi. Basilisa, akiwa kitandani, alimwambia, "Siku ya kuvua nguo nyeusi, unipigie ile polka ya harusi yetu. Sio hizo za wageni wa hotelini. Ile yetu."

"Nitakupigia."

"Kwa kucha zipi, na mimi sipo?"

"Zitakuwepo, mama. Wewe lala."

Ndiyo maana mwaka ulipoelekea ukingoni, aliacha kupika kabisa. Alikula mkate mkavu, akalala na njaa, ili kucha ziote. Kila jioni alizisugua kitunguu saumu kama Basilisa alivyokuwa akimfanyia, na kuzilainisha ncha kwa ubavu wa kiberiti. Kinubi nacho hakukisahau. Alikuwa amelegeza nyuzi kidogo ili zisiivute shingo bure, na upepo mkavu wa kaskazini ulipovuma aliweka bakuli la maji chini yake, mbao zisipasuke. Siku ya kuondoa matanga ilipokaribia, akaanza kuzikaza polepole, kidogo leo, kidogo kesho, maana uzi uliolala ukiuamsha ghafla hukatika.

Akikipangusa, aliona kitu. Pale juu, mpigaji anapokiegemeza begani, rangi ilikuwa imelika kwa miaka yake yote ya kupiga. Chini ya hapo palikuwa na alama nyingine, ndogo, iliyofifia. Akadhani ni unyevu. Akapaka mafuta, haikutoka.

Jirani yake, Ña Deolinda, alichungulia uani. "Loo, Don! Umebaki mifupa na kucha. Nikuletee supu?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, upepo? Mficha uchi hazai, mzee wangu."

"Zunilda anakuja kutoka Buenos Aires. Atapika yeye. Wewe njoo na rozari yako tu."

Zunilda alikuwa binti yao wa pekee. Alfajiri ya siku yenyewe akapiga simu akilia: bibi kizee aliyeajiriwa kumtunza huko ameanguka, hawezi kumwacha. Don Crescencio akamwambia si kitu, akakata simu, akakitazama kikapu cha muhogo kilichokuwa kikimsubiri mpishi. Watu watakuja kumwombea Basilisa, na katika nyumba ile hakuna aliyewahi kutoka na njaa. Ingetosha kumwita Deolinda, ni hatua chache tu. Lakini angemwitaje, baada ya kumfukuza na supu yake? Kiburi nacho ni ugonjwa. Akachukua kisu, akaketi kwenye kigoda cha Basilisa, akamenya.

Deolinda alipoingia, sufuria ilikuwa inachemka, na mzee amekaa ameutazama mkono wake wa kuume. Ukucha wa gumba ulikuwa umepasuka hadi kwenye nyama. Wa kidole cha shahada na wa cha kati hazikuwepo.

"Jamani, Don! Si ungeniita?"

"Nilimwahidi, Deolinda." Akalia pale pale mbele yake, bila kujificha. "Kitu kimoja tu aliniomba."

Watu wakaja, wakasali, wakala. Kitambaa cheusi cha msiba kikatolewa mlangoni, na macho yote yakahamia kwenye kinubi. Don Crescencio alisimama, akakiegemeza begani, akaanza ile polka kwa nyama za vidole. Sauti ilitoka nyororo, ya chini, kama mtu anayeimbia mtoto asiyetaka kulala. Mtu akakohoa. Mwingine akaangalia viatu vyake. Mzee aliona haya hadi masikioni, ila hakuacha mpaka ikaisha.

Deolinda alikuwa amesimama mlangoni na sinia mkononi, machozi yanamtiririka.

"Nisamehe," Don Crescencio akamwambia. "Najua imekuwa mbaya."

"Mbaya wapi? Nilidhani ni yeye."

"Yeye nani?"

"Basilisa. Si ndivyo alivyokuwa akiipiga? Wewe ukisafiri na wenzako kina Anselmo kwenda kupiga vinubi vya mahotelini, hiki ukikiacha hapa, sisi tulikuwa tukimsikiliza kutoka ng'ambo ya ua. Hiyo hiyo, polepole hivyo hivyo."

"Basilisa hakujua kupiga."

"We mzee! Alipokuomba umfundishe, si ulimwambia kinubi hakitaki mikono ya jikoni? Tulicheka wote. Na yeye alicheka."

Don Crescencio akazishika nyuzi. Alikumbuka kwamba kila aliporudi safarini alikikuta kinubi kimekazwa vizuri, naye akijisifu kwa watu kuwa chake hakilegei. Polepole akageuka kuitazama ile alama ya chini.

Walipoondoka wote, alichukua kisu cha muhogo akakata kucha zilizobaki, mikono yote miwili. Akakisogeza kigoda cha Basilisa, akaketi, akajikunja mpaka bega lake likafika kwenye ile alama. Palikuwa chini mno kwa mtu mrefu kama yeye, na mgongo ulimuuma. Akaanza polka upya, akikatiza kila baada ya vipande viwili vitatu, kwa sababu hakujua mkewe alikuwa akiipigaje.