"Sijui" ya Daktari wa Ng'ombe

Mambo yaliharibika Jumanne ya tarehe tisa Machi, pale bwana mifugo alipoupapasa uvimbe wa sindano ya kipimo shingoni mwa Kidoti, ng'ombe wa mzee mmoja mgane, akatikisa kichwa. Kifua kikuu cha ng'ombe. Kidoti alikuwa wa marehemu mke wa mgane huyo. Akachinjwa siku ileile, zizini akabaki ndama wake peke yake.

Wakubwa wa serikali hawakukawia kumpata mchawi: nyati wa porini, eti ndio wanaoambukiza ng'ombe. Magharibi ya mto walishawapiga risasi mwaka mzima, sasa wakawataka na wa mashariki. Mgane akaona sawa. Bora wafe nyati, ndama apone. Tangu azike mke, hiyo ndiyo mara ya kwanza kukubaliana na wakubwa kwa jambo lolote.

Kasheshe ni kwamba mtafiti aliyeitwa kuupima ushahidi alikuwa binti yake wa kumzaa.

Siku ya mkutano, ukumbi ulijaa. Mkuu wa mifugo alisimama, kitambi kikimtangulia. "Tumeua nyati, ugonjwa umepungua nusu. Mnataka nini tena?"

Mgane akapiga makofi mpaka viganja vikamwasha.

Binti akainuka. "Shikamooni wazee. Ni kweli, magharibi umepungua nusu. Lakini na mashariki, ambako nyati hakuguswa, umepungua nusu vilevile. Kilichofanyika pande zote mbili ni kimoja: kufunga mnada wa ng'ombe. Tena nyati waliokoswa na risasi walitawanyika, wakaanza kunywa kwenye mabwawa ya mifugo."

"Kwa hiyo nyati hana kosa?" mkuu akadakia.

"Sijui."

Watu wakaangua kicheko. Muuza maziwa akamchoma mgane kiwiko. "Baba Daktari, kumbe hata mimi digrii hiyo ninayo!"

Mgane akatamani ardhi impasukie.

"Ugonjwa nyati wanao, tumeukuta mapafuni mwao," binti akaendelea, sauti haitetereki. "Kama wao waliwaambukiza ng'ombe, au ng'ombe waliwaambukiza wao, sijui. Mkuu naye hajui. Ila mimi sijashika bunduki."

Kicheko kikahama upande.

Mgane akakumbuka wodi alimolazwa mkewe. "Mkeo atapona, mzee, usiwe na wasi," walimwambia wale wenye makoti meupe, kila siku, mpaka siku ya jeneza. Hakuna hata mmoja aliyethubutu kumwambia sijui. Leo neno lile lilisemwa mbele ya wakubwa, na lilisemwa na damu yake.

Akajikuta amesimama. "Huyo ni wangu! Wangu na marehemu mama yake!"

"Mzee, hakuna aliyekuuliza. Kaa chini," mkuu akafoka.

"Sikai! Na mimi nina swali langu." Akaliuliza.

Mkuu akajimiminia maji, akanywa, akajimiminia tena. Bilauri iliisha, chupa nayo ikaisha, na swali la mgane bado linaning'inia pale ukumbini: kabla mnada haujafungwa, wale ng'ombe waliokuwa wakishushwa mnadani kutoka kwenye malori kila wiki, nani aliwapima?