Hema la Watu Wanne

Siku dada mkubwa alipokuja na habari ya kambi, fundi alikuwa anapunguza pindo la sketi ya shule, pini mdomoni, cherehani imesimama katikati ya mshono. Alishonea sebuleni, katika nyumba ya marehemu wazazi wao, kwa sababu ndiye aliyebaki humo wenzake walipooa na kuolewa.

"Tumekubaliana twende tukapumzike kule vilimani," alisema dada mkubwa, akihamisha rundo la nguo ili apate pa kukaa. "Sisi watatu, kama zamani. Kambi utachagua wewe, maana wewe ndiye mwenye nafasi."

Fundi aliyatazama magauni yaliyoning'inia dirishani yakisubiri vifungo. Akatoa pini mdomoni, akasema sawa.

Zamani, kila likizo, wazazi walikwenda kupiga kambi chini ya mlima pamoja na dada mkubwa na kitindamimba, ambaye walimwita Profesa kwa kuwa alivaa miwani kabla hajajua kusoma. Fundi, mtoto wa katikati, alibaki nyumbani na bibi, mama mzaa baba, aliyekuwa amepooza upande mmoja. Hema lilikuwa dogo, aliambiwa, la watu wanne. Hata hivyo hadithi za kambi alizijua kuliko waliokwenda. Kwenye kila harusi na kila msiba wa ukoo ilisimuliwa siku ile birika lilipoporomoka mteremkoni na baba akalikimbiza kwa soksi, na Profesa akisahau mahali, fundi ndiye aliyemkumbusha. Mara moja alijikuta akimwambia mteja, "Tulicheka mpaka mbavu zikauma," na hakujirekebisha.

Jumamosi Profesa, ambaye sasa aliuza matairi, alimpitia na pikapu yake wakatafute kambi. Kambi ya kwanza ilikuwa na bomba na taa kwa kila hema, lakini ilipakana na barabara ya malori. Ya pili ilikuwa juu kabisa ya kilima, pazuri pa kutazama mabonde, ila upepo ulimvua Profesa kofia, akaifuata, ukamvua tena. Msimamizi alisema hapo upepo umetulia.

Ya tatu ilikuwa chini, mto unapopinda. Msimamizi wake, mama mmoja mwenye buti za mpira, alikuwa anafagia majani.

"Nafasi ipo," alisema. "Ila pale karibu na maji kuna familia. Wapo siku zote. Hawasumbui, moshi tu kidogo."

Wakaenda kutazama. Hema lilikuwa la turubai la kijani, lenye kiraka begani. Marehemu baba yao alikuwa amepiga magoti akipuliza moto. Mama yao alikuwa anamenya viazi juu ya kifuniko cha sufuria. Msichana wa miaka kumi na miwili, mwenye pua ya dada mkubwa, alikuwa anaanika soksi kwenye kamba, na mtoto mdogo mwenye fulana ya mistari na miwani iliyofungwa kwa mpira alikuwa anatupa mawe mtoni.

"Ile fulana niliitafuta sana," alisema Profesa, akimtazama yule mtoto.

Akamwamkia baba yao, ambaye sasa alikuwa mdogo kwake kiumri, akampa kibiriti, wakaanza kuzungumza habari za kuni mbichi. Fundi alisimama kando, mkoba ameubana kwapani. Harufu ya moshi ule aliijua. Ndiyo iliyokuwa ikirudi kwenye nguo zao, na yeye ndiye aliyezifua.

Mama aliinua uso, akamtambua mara moja, licha ya mvi zake zote.

"Bibi umemwacha na nani?"

"Hajambo, mama. Amelala."

"Ameshakula?"

"Ameshakula."

"Haya. Nikatie basi vitunguu kabla hujarudi."

Fundi akaketi, akakata vitunguu. Kutoka pale alipokaa aliona ndani ya hema, maana mlango wake ulikuwa umekunjwa juu. Upande mmoja ilitandikwa mikeka. Upande wa pili kulikuwa na kiti cha baba cha kukunja, gunia la viazi na mpira. Pangemtosha mtoto wa miaka tisa na mto wake, na bado angejinyoosha. Alipatazama vizuri, kama anavyotazama kitambaa kabla hajatia mkasi, kisha akarudi kwenye vitunguu.

Njiani Profesa alipiga mbinja mpaka lami ilipoanza. "Ni hiyo ya tatu, au siyo? Umeona birika? Bado halijaporomoka."

Fundi alisema atafikiria. Angeweza kuitaja kambi ya barabarani na mambo yakaishia hapo, kwani dada mkubwa angekubali chochote chenye bomba. Lakini alikuwa na jambo la kumuuliza mama, na jambo lenyewe lilimkaa kooni wiki nzima kama uzi ulioingia na mate. Akachagua ya tatu.

Ijumaa iliyofuata wakaenda. Dada mkubwa alipowaona alifuta macho, kisha akamwendea yule msichana wa soksi akamwambia asimame wima, atapata kibyongo. Wakasimamisha hema lao jipya ubavuni mwa lile la kijani. Profesa na yule mtoto wakashindana kutupa mawe, na mtoto akashinda. Baba aliimba wimbo wake mmoja, ule ambao hakuwahi kuujua mpaka mwisho. Alasiri birika likaporomoka, baba akalikimbiza kwa soksi, na wote, wa zamani na wa sasa, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Fundi naye alicheka. Birika lilikwama kichakani, halikufika mtoni kama lilivyosimuliwa miaka yote, lakini baba alikimbia vizuri.

Waliponyamaza, fundi akauliza.

"Mama, mbona hema lina nafasi?"

Mama aligeuka akalitazama. "Wapi?"

"Pale penye kiti."

"Sasa kiti cha baba yako kitakaa wapi? Kikipigwa na umande kinaharibika."

Baba aliafiki kwa kichwa. Profesa alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

"Jamani," alisema dada mkubwa, "tumekuja kupumzika. Mambo ya zamani tuyaache."

Jua lilikuwa limeshagusa vilima. Mama alifunika sufuria, akatazama anga, akasema bila ukali wowote, "Kunakuchwa, na bibi hapendi giza."

Ndipo fundi alipomfikiria aliyeko nyumbani. Ikiwa hawa wako hapa, viazi jikoni na soksi kambani, basi na kule kuna mtu wa kumwashia bibi taa, naye ni mtoto. Akasimama, akachukua mkoba. Profesa alisema atampeleka.

"Kaa, utakosa viazi," fundi alimwambia. Profesa alikuwa na njaa. Akakaa.

Msimamizi alimpandisha kwa pikipiki mpaka barabara kuu, akapata basi.

Alipofungua mlango, cherehani ilikuwa mahali pake. Taa ya chumba cha nyuma, kilichokuwa cha bibi na sasa anamoweka vitambaa, ilikuwa inawaka. Majora ya vitambaa yalikuwa yamesogezwa ukutani. Bibi alikuwa kitandani, ameulalia upande wake mbaya, na msichana wa miaka tisa alikuwa anapoza uji kwa kuumimina kutoka kikombe hadi kikombe.

"Shikamoo," alisema msichana.

"Marahaba."

"Wanarudi lini?"

"Jumapili."

Msichana aliuonja uji kwa ncha ya ulimi. "Wameniulizia?"

Fundi aliweka mkoba chini, akavua viatu. Hakuwa na mazoea ya kuwadanganya watoto.

"Wamemuulizia bibi."

Msichana aliitikia kwa kichwa, akaweka kikombe kwenye stuli. "Basi nisaidie kumgeuza. Mimi miguu huwa inanishinda."

Fundi akashika miguu, yule akashika mabega, wakamgeuza taratibu, wakamvutia shuka. Bibi, macho ameyafumba, alisema asanteni.